Meneja na Dawa ya Magoti

Wilkista alikuwa na kazi ya kuchagua mahindi katika stoo moja mjini Kitale. Alisimama tangu asubuhi, akitoa mahindi yaliyooza. Jioni alirudi nyumbani mtaa wa Kibomet kwa miguu. Alichoka. Jana alichoka, na kesho pia angechoka.

Nyumbani alivua raba na soksi, akapaka magoti na miguu dawa ya maumivu. Hapo ndipo paka wake, Meneja, alipokuja kila siku. Alinusa soksi, akaacha mdomo wazi kama anayecheka. Kisha akalamba miguu ya Wilkista, kidole kwa kidole.

Wilkista alimwacha. Tangu atoke kwao Bungoma, hakuna mwingine aliyeiambia miguu hiyo pole.

Jumamosi moja Meneja alikataa omena. Alitapika, akajikunyata chini ya kitanda. Panya nao wakaanza kutoboa gunia la mahindi mchana kweupe.

Wilkista alitoka nje kwa hasira. Jirani yake, Chelimo, alikuwa akianika nguo.

"Chelimo, umewekea paka yangu sumu!"

"Mimi? Ati sumu?"

"Si ulisema imekula nyama yako?"

"Nilisema, ndiyo. Lakini kusema si kuua, bana."

Chelimo aliacha nguo kwenye beseni, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wilkista alimtia Meneja kwenye katoni, akampeleka kwa Nehemiah, daktari wa mifugo. Nehemiah alimpima, akanusa mdomo wake.

"Huyu ananuka dawa ya misuli. Nani anajipaka?"

"Ni mimi. Magoti yananisumbua."

"Na yeye analamba?"

"Kila jioni. Nilidhani ananihurumia."

Nehemiah hakumcheka. "Labda anakupenda. Lakini anafuata jasho, mama. Jasho lina chumvi, na lina harufu yako. Paka ana vitundu vidogo ndani ya mdomo, nyuma ya meno ya juu. Akiacha mdomo wazi vile, hacheki. Anavuta harufu aijue vizuri. Soksi kwako ni taka, kwake ni habari."

"Na dawa?"

"Hiyo ndiyo sumu. Mwili wa paka hauwezi kuiondoa kama wako. Inaumiza tumbo na figo."

"Na leo nilitaka kumpa nusu kidonge changu cha maumivu!"

"Ungemmaliza. Dawa ya mtu usimpe paka. Ukijipaka, mfungie nje, funika miguu, kisha nawa mikono. Soksi anuse, mradi hazina dawa."

Wilkista alikaa kwenye benchi. Alimkumbuka Chelimo na nguo zake kwenye beseni. Aibu ilizidi uchovu.

Meneja alitibiwa siku tatu kwa sindano na maji ya kutiwa mshipani. Siku ya nne alirudi nyumbani, akala omena, na panya wakahama.

Jioni hiyo Wilkista alibisha kwa Chelimo, dawa mkononi, Meneja akimfuata nyuma.

"Sumu ilitoka kwa miguu yangu mwenyewe. Alilamba dawa ninayojipaka. Nisamehe, dada."

Chelimo aliyatazama magoti yaliyovimba.

"Hiyo dawa iko wapi?"

"Hii hapa."

"Kaa chini. Leta mguu. Na hiyo paka ibaki nje."

Alimkanda polepole, goti moja, kisha la pili. Wilkista alilia, wala hakujificha. Meneja alikuwa akikwaruza mlango.

Chelimo alipomaliza, alivuta beseni la maji na sabuni.

"Wacha ninawe kabisa," alisema, "nisije nikaua paka yako kweli."