Simu Iliyomwaga Siri ya Mama Sindano

Mama Sindano ni fundi wa nguo za kike. Anafanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani iko dirishani, penye mwanga. Ukutani kuna kioo kirefu, na chini ya kioo kuna kabati dogo lenye daftari la vipimo. Humo mna viuno vya nusu ya mtaa, lakini Mama Sindano hajawahi kumwambia mtu kiuno cha mwenzake. Ndiyo maana wateja wanampenda. Na mshono wake umenyooka, hilo wanakubali hata wasiompenda.

Mteja akija, kwanza anapewa kiti, kisha anapewa simu ya fundi apekue mitindo kwenye mtandao. Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda kwa miaka yote.

Siku moja vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi. Alishika pini, pini ikaanguka, na yeye hana habari. Aliogopa sana. Fundi asiyehisi sindano atashona nini? Hakumwambia mtu, hata mumewe. Aliiuliza simu. Aliandika, "Vidole kufa ganzi." Aliandika, "Fundi cherehani anaweza kupooza mkono?" Alisoma kurasa nyingi, akazifunga zote, akadhani yameishia hapo.

Wiki ya tatu ya ganzi hiyo akaja mteja mkubwa. Wote humwita Mama Kwaya, kwa sababu anaongoza kwaya ya wanawake ishirini na nne. Walikuwa wanajiandaa kwa mashindano, na walitaka magauni mapya. Mama Sindano hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo.

Mama Kwaya aliweka mfuko wa kitambaa miguuni, akapokea simu, akaanza kupekua. Gauni la mikono mirefu. Gauni la shingo ya mviringo. Kisha tangazo: "Vidole vinakufa ganzi? Jaribu mafuta yetu." Akalipita. Likaja lingine, lenye picha ya mkono uliofungwa bandeji: "Usisubiri mkono upooze." Lilipokuja la tatu, aliinua macho.

"Fundi, mikono yako ina nini?"

"Haina kitu. Ni matangazo tu, yanakuja yenyewe."

"Hayaji yenyewe," alisema Mama Kwaya. "Mimi nilitafuta sufuria siku moja, na mpaka leo simu yangu inaniuzia sufuria."

Hakuwa mkali. Alisema atafikiri kwanza, na atarudi Jumatano. Lakini aliondoka na kitambaa chake. Mama Sindano aliutazama mfuko ule ukivuka barabara, na roho ikamwuma.

Siku hiyohiyo akapakua kivinjari kipya. Kivinjari ni programu ya simu inayofungua kurasa za mtandao. Hiki kilikuwa na picha ya kufuli, na maelezo yake yalisema kinalinda siri. Kikamwuliza maswali mawili matatu. Hakuyasoma. Alibonyeza "Kubali," akabonyeza tena "Kubali," akashusha pumzi. Aliona ameshapona.

Kesho yake mchana mumewe, ambaye ni mlinzi wa ghala, alikuwa na mapumziko. Aliomba simu asome habari za mpira. Mdogo wake alikuwa ametuma kiungo kwenye kundi la familia. Akakibonyeza, ukurasa ukafunguka. Chini ya picha ya goli kulikuwa na ule mkono wenye bandeji.

Mume alilisoma tangazo lile. Kisha akauliza, "Mke wangu, mkono unakuuma?"

Alitaka kukana, lakini machozi yalimtangulia. Akasema ni wiki ya tatu sasa.

"Na simu ikajua kabla yangu," alisema mumewe. Hakupaza sauti. Mama Sindano angeona nafuu kama angepaza.

Mume aliuchukua mkono ule, akaukanda kidole kwa kidole. Akasema kesho waende zahanati. Habari ya simu yeye haijui, bora akaulizwe mdogo wake.

Zahanati walimkuta muuguzi asiye na maneno mengi. Aliukunja mkono, akagongagonga kifundo cha mkono. Akasema neva imebanwa hapo kifundoni, kwa sababu ya kushona saa nyingi mkono ukiwa umepinda. Hautapooza, ila ni vizuri amewahi. Akampa mkanda wa kushikilia kifundo, akamwagiza ainue kiti cha kushonea na kupumzisha mkono kila nusu saa. Mama Sindano alijicheka njiani. Wiki tatu za hofu, na jibu lilikuwa mtaa wa tatu.

Mdogo wa mume ni fundi wa simu. Jina lake la mtaani ni Bisibisi. Kibanda chake kina meza moja, taa moja, na vikopo vya skrubu ndogo kama punje za ulezi.

"Shemeji, leo umekuja mikono mitupu?" alimtania.

"Mkono wenyewe mmoja tu ndio mzima. Niambie, nani ameiambia simu yangu inisengenye?"

Bisibisi aliichukua simu. Aliweka kwenye simu programu ndogo inayoorodhesha kila mahali simu inapotuma habari. Akafungua ukurasa mmoja wa magauni kwa kivinjari cha zamani, akailaza simu mezani. Wote wawili wakakunja mikono. Hakuna aliyeigusa, lakini orodha iliongezeka mstari baada ya mstari, mpaka ikafika kumi na miwili.

"Ukurasa ni mmoja," alisema Mama Sindano. "Hawa wengine ni nani?"

"Miwili ni ya ukurasa wenyewe. Hii kumi ni vifuatiliaji. Ni vya watu wa matangazo. Walikuwepo kwenye ule ukurasa wa ganzi, wakaitia simu yako alama. Wapo pia kwenye ukurasa wa magauni. Wakiona ile alama, wanajua ni wewe, wanakuletea mafuta."

Mama Sindano akasema kwamba yeye ana kivinjari cha siri. Bisibisi akacheka. Alimweleza kuwa viungo vya kwenye ujumbe bado vinafunguliwa na kivinjari cha zamani, kwa sababu hakuna aliyeiambia simu itumie kipya. Kisha akafungua ukurasa uleule kwa kivinjari kipya. Safari hii mistari ilikuwa mitatu. Miwili ilikuwa ya ukurasa wenyewe.

"Na huu wa tatu?"

"Huyo ni aliyetengeneza kivinjari. Kinamtumia ripoti za matumizi. Umekifungua mara ngapi, kimegoma wapi. Wengi wanazitumia kurekebisha makosa tu. Lakini habari zinatoka kwako."

"Nani alimruhusu?"

"Wewe, shemeji. Ulibonyeza 'Kubali.'"

Damu ilimchemka. "Mimi simpimi mtu kiuno kabla hajaniruhusu," alisema. "Namwomba, anainua mikono, ndipo napitisha futi. Na namba yake naifungia kabatini."

"Basi ipe simu sheria hiyohiyo."

Bisibisi alikataa kumbonyezea. Alitaka vidole vya shemeji yake vijifunze njia. Mama Sindano akafungua Mipangilio ya simu, akakichagua kivinjari kipya kiwe ndicho kinachofungua viungo vyote. Akafuta historia ya kile cha zamani pamoja na vidakuzi vyake, yaani zile alama ambazo kurasa huziacha kwenye simu. Kwenye sehemu ya matangazo akafuta namba ambayo watu wa matangazo huitambua simu kwayo. Kisha akaingia kwenye mipangilio ya kivinjari kipya. Vifuatiliaji, akazuia vyote. Ripoti za matumizi, akazima. Alipofika kwenye mapendekezo ya utafutaji, akasita na kuuliza ni nini.

"Hayo ndiyo yanayokukisia neno kabla hujalimaliza," alisema Bisibisi. "Ili yakisie, kila herufi unayoandika inatumwa, hata kabla hujabonyeza 'Tafuta.'"

Akazima na hayo.

Wakaufungua tena ule ukurasa wa magauni. Mistari miwili. Wakangoja. Bado miwili. Mama Sindano alicheka kwa sauti mpaka muuza vocha wa jirani akachungulia.

"Kwa hiyo sasa hakuna anayeniona?"

"Hapo ningekudanganya. Kampuni ya mtandao bado inajua umetembelea tovuti zipi. Ukiingia mahali kwa jina lako, wenyewe wanakujua. Na kivinjari kikisasishwa, rudi ukague mipangilio. Lakini wale kumi umewafungia mlango."

Jumatano Mama Kwaya alirudi na mfuko wake. Alipewa kiti, akapewa simu. Mama Sindano akakaa mbali kidogo, bila kumchungulia. Mama Kwaya alipekua gauni baada ya gauni. Tangazo lilikuwa moja tu, la rangi za nyumba.

"Lile la vidole limekwenda wapi?" aliuliza.

Mama Sindano angeweza kunyamaza, na siri ingebaki ndani. Lakini alipiga moyo konde, akaukunja mkono wa nguo yake na kuonyesha mkanda.

"Mkono uliugua, nami nikakuficha. Muuguzi amesema utapona. Hii hapa kola niliyoshona jana. Ukinipa kazi, naomba wiki moja zaidi."

Mama Kwaya aliigeuza kola ndani nje, akaukagua mshono mpaka mwisho. "Wiki moja tunayo," alisema. "Siku ile sikuogopa mkono wako. Niliogopa kwa sababu ulinificha. Leo mbona umesema?"

"Siku ile ilisema simu. Leo nimeamua kusema mimi."

Mama Kwaya akatoa simu yake mkobani. "Haya, na mimi nitolee hizi sufuria."

"Bonyeza mwenyewe," alisema Mama Sindano kwa furaha. "Mimi nitakuonyesha wapi."

Miezi miwili baadaye ukumbi ulijaa. Wanawake ishirini na nne walipanda jukwaani, na pindo za magauni yao zilikuwa sawa kama zimekatwa kwa rula. Walishika nafasi ya kwanza. Jaji mkuu alipomaliza kuwapongeza kwa sauti zao, aliuliza fundi wa magauni yale ni nani.

Mume alimgusa bega mkewe. Mama Sindano akasimama mbele ya watu wote, akainua mkono wake wa kulia juu, vidole vyote vitano vikiwa na uhai.