Weka ya Juu Kabisa

Mwanamume alimkanyaga mwanamke. Ndivyo walivyojuana, na hapakuwa na muziki wala upepo wa kupeperusha nywele. Ilikuwa mchana, kwenye ngazi za lile jengo la maduka ya simu na kompyuta ambako kila mlango una spika yake na kila spika ina ugomvi na jirani. Mwanamume alikuwa anapanda, amekumbatia kompyuta kifuani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Mwanamke alikuwa anashuka na kikombe cha chai. Chai ikamwagika yote.

"We kaka, huoni?"

"Naona kidogo kidogo," akajibu, akacheka peke yake. "Samahani, dada. Namtafuta fundi wa kompyuta. Nimeambiwa ni mwanamke mkali."

"Umeshampata. Na umeshamkanyaga."

Fundi alivaa koti la kazi la bluu lenye bisibisi mfukoni, na midomo ameipaka rangi nyekundu iliyoiva, maana aliamini mashine hazimkatazi mtu kupendeza. Kibanda chake kilienea meza, viti viwili na kalenda tu. Akaifungua kompyuta ubavuni, akapuliza vumbi, akachungulia.

"Inasumbua nini?"

"Haisumbui. Kuna gemu jipya limetoka, lile la kutembea msituni. Mvua inanyesha, ukisogelea jani unaona hata mishipa yake. Nataka kujua kama mashine hii italibeba kwenye setingi za juu kabisa."

"Za juu kabisa?"

"Kabisa kabisa. Nikiambulia za wastani, bora nisicheze."

Fundi akamtazama kutoka juu hadi chini. Shati la pasi, ndevu zilizochongwa, soksi moja nyeusi na nyingine ya bluu. Mtu mzima na kazi yake, tena alisema ni mkaguzi wa rangi katika kiwanda cha uchapaji, halafu analilia majani ya kwenye kioo. Kweli duniani kuna watu na viatu.

"Mkaguzi wa rangi mwenye soksi mbili tofauti," alisema. "Kiwandani kwenu mna kazi. Sikiliza, mteja wangu, kadi yako ya picha ni ya juzi na gemu ni la kesho. Iache niihangaikie."

Akaiacha. Akarudi kuulizia. Akarudi tena. Baada ya muda kila mfanyabiashara wa ghorofa ile alijua kwamba mashine ni kisingizio, isipokuwa wenyewe wawili, ambao walidai wanazungumzia feni. Mwanamume alimwita Fundi, naye mwenyewe akaitwa Mteja, na simu zikawa hazipoi.

"Mteja wangu, umekula?"

"Nimekula sauti yako, nimeshiba."

"Muongo! Mbona nasikia tumbo linanguruma mpaka huku?"

"Huo ni moyo."

"Moyo ukinguruma unapelekwa kwa fundi."

"Si ndiyo nimempigia, mpenzi?"

Fundi akaficha uso ndani ya kola ya koti, ingawa hapakuwa na wa kumwona. Halafu sauti upande wa pili ikabadilika. "Kuna jambo nataka kukwambia. Lakini mpaka kwanza nilione lile jani."

Ambalo Fundi hakulijua ni hili: Mteja alikuwa anapofuka. Ni ugonjwa wa ukoo, uliomchukulia baba yake macho katikati ya maisha, na daktari alikwishamwambia hauna dawa. Kiwandani alikuwa akiwauliza wenzake kwa mzaha, "Hii nyekundu mnaionaje?" na kupitisha jibu lao kama lake. Kisha akajitungia mtihani. Nikiona mishipa ya jani, alijiambia, bado nina muda. Nitamweleza yote, nimwombe anioe, yaani nimuoe. Nisipoiona, nitaondoka kimya nisimfunge mtoto wa watu. Mapenzi yana akili zake, na nyingine si akili.

Kwenye setingi za juu kabisa mashine ilishindwa. Picha ilisogea, ikaganda, ikasogea, feni zikapiga kelele mpaka jirani akauliza kama kuna anayesaga nafaka. Kadi mpya ilikuwa haishikiki kwa bei. Basi Fundi akafanya wanalofanya mafundi wengi wakibanwa na mteja mbishi: akateremsha hadi wastani, picha ikateleza vizuri, akampigia simu.

"Imebeba!"

Mteja alifika anahema, akaketi pua ikikaribia kugusa kioo. Akasogelea jani. Alikaa hivyo mpaka Fundi akaanza kuchoka kusimama.

"Naiona," alinong'ona. "Mishipa. Fundi, naiona!" Machozi yalimtoka, akamgeukia Fundi, akaishika mikono yake yote miwili. "Sasa nitakwambia lile jambo."

Fundi alicheka. Alikuwa na furaha iliyozidi, na mtu wa namna hiyo hawezi kukaa na siri.

"Ngoja nikuchekeshe kwanza. Hiyo si ya juu kabisa, baba. Ni wastani! Kwenye wastani majani hayana mishipa, ni rangi ya kijani tu. Mnatutoa jasho bure."

"Hayana mishipa?"

"Hata mmoja."

Mikono ya Mteja ikalegea. Kumbe hakuona kitu. Aliona hamu yake. Alisimama, akajigonga bega kwenye fremu ya mlango, akatoka bila kuaga na bila mashine yake.

Fundi alipiga simu ikaita. Akapiga tena, ikakatwa. Kesho yake akajibiwa na ile sauti ya mwanamke asiye na haraka: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Neno hilo "mteja" likamkata maini. Akatuma ujumbe: *Nisamehe, sikudhamiria kukudharau.* Akatuma: *Nitukane basi, lakini ujibu.* Akaenda kiwandani. Wakamwambia ameacha kazi, na hawajui anaishi wapi. Aliacha kupaka rangi midomo. Alikosea kuunga nyaya alizoziunga tangu ujana wake, akaunguza mashine ya mtu. Hakuwa analia ili aonekane. Alilia kweli, chini ya meza, akijifanya anaokota skrubu. Kwa uongo mdogo wa dukani alikuwa amempoteza mwanamume pekee aliyemuuliza kama amechoka.

Siku moja dada mmoja mwenye mtandio wa zambarau alisimama mlangoni.

"Wewe ndiye Fundi? Kaka yangu aliacha kompyuta hapa. Anasema uiuze."

Fundi aliinuka na kiti kikaanguka. "Yuko wapi? Bado amenikasirikia?"

"Akukasirikie kwa lipi?"

"Nilimdanganya. Kuhusu setingi."

Yule dada akakiinua kiti, akakikalia. "Kumbe hakukwambia," alisema. Akamweleza: macho, baba yao, jani. "Hasemi lolote, anakaa tu kitandani. Machoni amebakiwa na ukungu tu. Nimechoka kumbembeleza, wifi, nisamehe kukuita hivyo."

"Siku ya kwanza nilimwambia huoni," Fundi alisema.

Jumapili asubuhi aliibeba kompyuta mwenyewe hadi kwao, kama dada alivyomwelekeza. Chumba kilikuwa kisafi, dirisha limefungwa, na Mteja amekaa ukingoni mwa kitanda na fulana aliyoivaa kinyume.

"Dada, nimesema sili."

"Mimi si dada yako."

Alishtuka. "Nenda, Fundi. Tafadhali."

"Nikimaliza kazi. Mashine ya watu sijaikabidhi."

"Sitaki kukufanya fimbo yangu! Leo unanihurumia, kesho utachoka, keshokutwa utanichukia na mimi sitauona hata uso wako ukinichukia. Unaelewa? Sitauona!"

"Naelewa," Fundi alisema. "Naogopa kuliko wewe. Ila sikupi ruhusa ya kuniamulia."

Akachomeka nyaya. Akawasha. Akapandisha kila kitu hadi mwisho, bila kusema neno. Feni zikaanza kunguruma, zikazidi, meza ikatetemeka. Mteja aliinua kichwa.

"Hiyo ni ya juu kabisa."

"Umejuaje?"

"Feni zinalia. Siku ile zilikuwa kimya." Akageuza sikio kwenye mashine. "Leo hunidanganyi."

"Sitakudanganya tena maisha yangu yote, hata kwa kukufurahisha."

"Na picha?"

"Inakwama. Inasogea hatua moja, inaganda. Sogea hapa. Ikiganda nakueleza, ikisogea unanisubiri." Akavuta pumzi. "Jani ni la kijani."

"Kijani gani? Kuna kijani cha ndizi mbichi na kijani cha chupa."

Fundi alilitazama jani kama hajawahi kutazama kitu. "Cha chupa. Pembeni kinaingia umanjano."

"Umanjano wa limau au wa haradali?"

"Haradali. Na mishipa ipo, Mteja. Ipo kweli. Myembamba, kama iliyo nyuma ya mkono wako, na tone la mvua limekaa juu ya mmoja."

Mteja alikuwa analia bila kujificha. Fundi alimsubiri, kisha akauliza, "Lile jambo ulilotaka kuniambia?"

"Nilitaka nikuoe. Sasa siwezi kuuliza."

"Basi nauliza mimi. Tuoane?"

Feni zililia. Picha iliganda muda mrefu.

"Utaweza, Fundi? Useme kweli."

"Nitakuwa nakwama," alisema. "Siku nyingine nitakwama vibaya, nitakufokea, nitalia. Lakini sizimi."

Mteja alinyoosha mkono hewani, ukakosea, ukagusa bega, ukapanda hadi shavuni, ukalikuta limelowa. Akauacha hapo.

"Haya," alisema. "Endelea. Baada ya jani kuna nini?"