Mstari wa Mia na Arobaini na Moja

Faili la Salvina lilikuwa na mistari mia na arobaini. Aliihesabu Ijumaa kabla ya kuzima kompyuta. Jumatatu asubuhi alikuta mia na arobaini na moja.

Alidhani kosa ni lake. Siku zile alichoka vibaya, hata chai haikuwa na ladha. Julai ilikuwa imeishika Moshi, mlima haujaonekana wiki mbili, na katika ofisi yao ndogo karibu na hospitali ya Mawenzi watu walichora majengo wamevaa masweta. Kazi aliyopewa mwezi huo ilikuwa kuandika faili la makundi, kwa sababu programu ya kuchorea haijui kwamba ukuta ni ukuta mpaka iambiwe. Makundi yaliyokuja na programu yaliandikwa na watu wa mbali. Yalijua lifti na bwawa la kuogelea. Hayakujua zizi la ng'ombe, wala mfereji, wala mgomba. Basi akaandika ya kwake. Kila kitu na namba yake, jina lake, na kundi kinamokaa. Ukiacha nafasi moja ya ziada, programu inalikataa faili zima.

Alilijaribia nyumbani. Baba yake, Mzee Primus, alitaka vyumba vya wageni ndani ya kihamba chao, shamba la ukoo kule Kilema, na Salvina alikuwa amekwenda kupima: kahawa, migomba, zizi, na isale moja nyuma ya zizi, mmea mrefu wa majani membamba, pale pale msingi utakapopita. Isale hilo aliliweka katika kundi la Vya Kuondolewa. Kila mtoto wa Kichagga anajua isale haling'olewi bila kuuliza, maana limepandwa kwenye mpaka au kwenye kaburi. Naye alijua. Hakuuliza.

Mstari mpya ulikaa chini ya kundi hilo. Ulikuwa na namba. Haukuwa na jina.

"Praygod, umegusa faili langu?"

"Mimi?" Praygod, mchoraji mwenzake, hakuinua hata kichwa. "Niguse kitu chako unichinje kama mbuzi wa Krismasi? Kirusi hicho, dada. Kifute, tusonge."

Akaufuta. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kikafa ganzi.

Akasema ni baridi.

Jumanne mstari ulirudi. Safari hii aliiamuru programu imwonyeshe ni kitu gani kilichobeba namba ile. Mchoro ukageuka polepole, ukaipita kahawa, ukaipita migomba, ukasimama nyuma ya zizi. Isale likawaka peke yake. Akaufuta tena. Kidole cha pili kikafa, na cha tatu.

"Nani kaleta maziwa humu?" Praygod aliuliza, akinusa hewa. "Yamechacha, jamani."

Hakuna aliyeleta maziwa. Lakini Salvina pia aliisikia harufu hiyo, maziwa yaliyochacha na udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Ilitoka kwenye kompyuta yake. Alikaa akainusa, akaendelea kuandika kwa mkono wa kushoto. Hakuogopa. Alijitafutia woga ndani yake kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, asiupate.

Jumatano, saa nane mchana, umeme ulikatika na kompyuta yake haikuzima. Praygod alikuwa ametoka kula. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani, na katika ule ukimya Salvina akasikia kwikwi, kwikwi ndogo, ya mtoto mchanga ambaye hajanyonya, ikitoka ndani ya mashine, ikinyamaza, ikirudi, na kila iliporudi herufi moja ikajiandika kwenye ule mstari usio na jina, S kwanza, kisha a, kisha l, bila mtu kugusa kitufe, wala yeye hakuweza kugusa kwa kuwa mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mezani kama mkono wa mtu mwingine, mpaka kwikwi ikakoma na jina likatimia, Salvina, na alipoinua macho kwenye kona ya mchoro, pale panapoandikwa jina la mchoraji, aliona ni patupu.

Chai ya moto ilikuwa imemwagikia mkono ule. Ngozi ilikuwa inafanya malengelenge. Hakusikia kitu.

Alifika Kilema saa kumi, baba yake akiwa mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Alimwita hivyo tangu utoto, kwa kuwa Salvina alichukua jina la bibi yake mzaa baba, kama ilivyo desturi ya binti wa kwanza. Mama yake, Mektrida, alitoka jikoni, akauona mkono unavyoning'inia, akaushika, akaubonyeza.

"Unasikia?"

"Sisikii. Ganzi imefika begani."

"Toka lini?"

Akawaeleza yote. Alieleza kama anayesoma orodha. Alipofika kwenye kwikwi, mama yake alikaa chini juu ya gunia la majani ya ng'ombe.

"Primus," alisema kwa sauti ya chini, "mwambie mtoto."

"Usianze, Mektrida."

"Ikiingia kifuani, utamwambia nani? Utaliambia jeneza?"

Mzee Primus alivua kofia. Alitazama upande wa zizi, si usoni kwa binti yake. "Kabla yako alizaliwa mwingine. Msichana. Aliishi nusu siku."

"Alishikwa na kwikwi," mama alisema. "Nilimpa ziwa, hakulipokea. Maziwa yakanichachia nguoni."

"Nilikuwa nimeshamwita. Nilimtoa hapa mlangoni asubuhi, nikamwita jina la mama yangu, maana ndiye wa kwanza. Jioni nikamzika kule nyuma. Isale nililipanda mimi." Akaizungusha kofia mkononi. "Mwaka uliofuata ukaja wewe. Wewe ulikuwa wa kumrithi bibi yako mzaa mama, Zita. Lakini mimi nililitamani lile jina lisipotee. Nikakupa. Sikumwomba mwenyewe."

"Nilikukataza," mama alisema.

"Ulinikataza."

"Na mimi nimemwandikia aondolewe," Salvina alisema. Ubaridi ulikuwa umelivuka bega, unatambaa kuelekea ubavuni, na kila pumzi aliyoivuta ilikuja fupi kuliko iliyotangulia.

Hawakungoja kesho. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba migomba ilionekana nusu nusu. Mzee Primus alichuma jani la isale, akalifunga fundo kama afanyavyo Mchagga anayeomba msamaha, akapiga magoti kwenye matope. Mama alimimina maziwa mabichi chini ya shina. Ng'ombe zizini waliacha kutafuna.

"Salvina," baba aliliambia isale, "mwanangu wa kwanza. Ulikuja ukakuta mlango wazi, nikaufunga nyuma yako. Jina lako nililigawa kama nguo ya marehemu. Tusamehe. Nakurudishia. Huyu hapa ni Zita, mdogo wako. Hana chako tena."

Kisha kwikwi moja ikasikika, ndani ya koo la binti aliyesimama. Ikatoka. Haikurudi.

Maumivu yakaja yote pamoja. Mkono uliungua kwa chai ya saa nane mchana, vidole vikawaka kama vimetiwa kwenye siafu. Zita alikaa kwenye matope akaushika mkono wake, na mama akamkumbatia kwa nyuma.

"Sikiliza, mwanangu," baba alisema. Hakumwita mama. "Kuanzia leo ukisikia mtu anaita Salvina, usiitike. Hata mara moja. Ukiitika umemnyang'anya tena, na mimi sina tena cha kuombea msamaha."

Alhamisi alisogeza msingi mita nne. Alilihamisha isale kutoka Vya Kuondolewa, akaliandikia kundi lake peke yake. Mstari wenye jina ulikuwa umetoweka, mistari ikabaki mia na arobaini. Mkono umefungwa bandeji, unauma, naye aliyafurahia maumivu yake kimya kimya. Ofisini hakuwa amemwambia mtu habari za jina. Angeanzaje?

Kabla ya saa sita, Praygod aliita kutoka chumba cha mashine ya kuchapa.

"Salvina!"

Akauma ulimi. Akakaza macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Salvina, niletee karatasi basi, huku zimekwisha!"

Hakujibu. Ofisini hakukuwa na mtu mwingine.

"Abee," sauti ya mwanamke ikaitika karibu na bega lake, pole, ya mtu mzima, inayomzidi umri kwa mwaka mmoja hivi. Droo ikafunguka, ikafungwa. Hatua zikapita nyuma ya kiti chake, bila haraka, kuelekea chumba cha mashine.

"Asante," Praygod akasema.