Nguva wa Oliva na Mchuuzi wa Balangdalalu

"Soma tena hapo pa mikono," shangazi Marieta alisema, akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Shangazi, mimi nalia na wewe unacheka!"

"Wote tuna machozi. Soma."

Oliva akainua simu kama mtu aliyeshika panya kwa mkia.

"Anasema hivi: 'Karibu nguva wote wameficha mikono nyuma ya mgongo kama wanafunzi waliochelewa namba. Hujui kuchora vidole.'"

Shangazi akaangua kicheko. Na kicheko cha Marieta wa Bashay si cha mchezo. Akicheka kwake, kuku wa kijiji cha pili wanadondosha mayai.

"Kuna ingine?"

"Zipo! 'Wanapika ugali kwa kuni chini ya ziwa, na moshi unapanda. Moto huo unawashwaje? Mfalme wao amependa ndani ya kurasa mbili, hata jina la binti hajauliza. Hana kasoro hata moja, anaongea kama mshereheshaji wa harusi. Maneno yamejaa mpaka yamefunika nyuso.' Shangazi, kasoro kumi na saba! Nimehesabu. Zuri hata moja hakuna."

Kwa ambaye hakuwahi kuiona, hadithi yenyewe iliitwa Moyo Wenye Magamba. Oliva Akonaay alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na sita, na bahari hajawahi kuiona hata kwenye kalenda. Lakini kila wiki alichora mapenzi ya watu-samaki kwenye daftari kubwa, akapiga picha kwa simu, na Jumatano akairusha mtandaoni. Nguva wake waliishi chini ya ziwa, wakalima, wakafuga na kugombania mipaka ya mashamba kama watu wa Mbulu tu. Wasomaji walishafika mia nne.

Na aliyeandika kasoro zile hakuwa mpita njia. Alikuwa Hhando, mchuuzi wa ng'ombe wa Balangdalalu, mpenzi wake wa mwaka mzima. Jumamosi ya wiki hiyohiyo wazee wake walikuwa waje kwa Mzee Akonaay kuposa.

"Wewe ulimwambia nini?" shangazi aliuliza.

"Nilimwambia, isome yote unipe ukweli."

"Si kakupa?"

"Ukweli gani wa kumvua mtu nguo!"

Oliva akapiga simu palepale.

"Haloo, mama nguva," Hhando aliitikia, ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Usiniite hivyo. Umeandika nini wewe?"

"Umesoma? Vizuri. Kuna ya kumi na nane nilisahau. Ziwa ukurasa wa nne linafika magotini, ukurasa wa tano mfalme anazama mzimamzima, na..."

"Hhando! Unanipenda au hunipendi?"

"Sasa hilo swali gani? Nimekaa siku tatu naiangalia kazi yako..."

"Jumamosi wazee wako wasije."

Hata ng'ombe walinyamaza.

"Oliva, ngoja kwanza..."

"Wasije. Baba atawapigia."

Akakata simu, na namba akaifungia. Kisha akaenda moja kwa moja uani, baba yake alikokuwa akipukuchua mahindi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Wale wazee wa Balangdalalu, waambie wasije."

Mzee Akonaay akamtazama binti yake, akautazama utepe wa kupimia uliokuwa bado shingoni mwake, akarudi kwenye gunzi.

"Nimesikia," akasema.

Jioni ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa Baltazar, muuza simu wa Mbulu mjini, kijana anayevaa viatu vya ncha ndefu kiasi kwamba vinafika dukani dakika moja kabla yake.

"Dada wa sanaa, wewe ni motooo! Kila sehemu naisoma mara mbili. Asiyeona kipaji chako apeleke macho hospitali. Mimi nipo."

Moyo wa Oliva ukapoa kama chai iliyowekwa dirishani.

"Asante Balta. Kumbe wapo wanaoelewa."

"Ningekuwa mimi ndiye mumeo, ningeziweka zote kwenye fremu. Ukiachika, nijulishe."

Oliva hakujibu. Lakini hakufuta pia.

Jumatano ikafika. Oliva alikuwa na sare za kwaya za kushona, kichwa hakikuwa chake. Akaandika juu kabisa "Moyo Wenye Magamba, sehemu ya kumi na tatu", akachagua picha harakaharaka, akarusha. Kumbe picha aliyochagua ni ya mbuzi wao aliyevimba shavu, aliyokuwa amempigia daktari wa mifugo.

Kabla hajaiondoa, Baltazar alishafika.

"Sehemu hii imenitoa machozi!!! Huyu nguva ni mzuri kuliko wote uliowahi kuchora. Macho yake kama yako."

Shangazi Marieta akaisoma, akakaa chini taratibu kama mtu anayetafuta mahali pa kuzimia.

"Macho kama yako? Ya mbuzi? Mwenye jipu?"

"Shangazi, nyamaza."

Oliva akaandika: "Balta, binti wa kwenye hadithi anaitwa nani?"

Baltazar akawa anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Sare mbili nzima zilishonwa na vifungo vyake kabla jibu halijaja.

"Jina si muhimu dada. Muhimu ni hisia."

Siku hiyo Oliva hakuchora. Wala ya pili yake hakushona. Alitoa kabatini boksi la penseli za rangi alilonunuliwa na Hhando, akalifunga kwenye mfuko.

"Unakwenda wapi?"

"Mnadani. Sitaki kitu cha mtu nyumbani kwetu. Leo namrudishia."

"Si umpe dereva wa basi tu apeleke?"

"Nitampa mkononi."

"Enhee," shangazi alisema, na jicho moja likafumba lenyewe. "Mkononi ndiyo vizuri."

Upepo wa Hanang siku ile ulikuwa wa kumnyoa mtu ndevu bila wembe. Oliva akasimama pembeni ya zizi la mnada, kitenge kichwani, akamwona Hhando katikati ya ng'ombe, fimbo kwapani. Yeye hakumwona.

Hhando akasimama mbele ya dume jeupe la mzee mmoja mwenye shuka jekundu.

"Mzee Sulle, ng'ombe huyu mzuri sana. Mafuta, pembe, mwendo, kila kitu. Hongera mzee wangu."

Akapita.

Oliva akauma mdomo. Ng'ombe anasifiwa! Yeye kumi na nane, ng'ombe hongera!

Hhando akafika kwa dume la kahawia. Akalizunguka mara moja. Akalizunguka tena. Akainua mkia, akafungua mdomo, akabonyeza nundu.

"Kwato hii imepasuka. Pembe moja inaangalia Singida, nyingine Babati. Nundu imelala. Na haya meno, alikuwa anatafuna mawe?"

Oliva akasubiri mwenye ng'ombe amchape mtu fimbo. Mwenye ng'ombe akawa anachekelea.

"Sema, sema! Zunguka tena!"

Oliva akamsogelea mzee wa shuka jekundu, ambaye uso wake ulikuwa umekunjamana kama karatasi ya sukari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu."

"Ng'ombe wako kasifiwa, mbona umenuna?"

"Ndiyo maana nimenuna! Tangu asubuhi nasifiwa. Watu kumi wameniambia hongera, na jioni narudi naye nyumbani. Hapa, binti, mwenye nia huwezi kumsikia akisifu. Anatafuta kasoro mpaka kwenye kope, maana ndiye atakayeishi nazo. Asiyenunua anakupa hongera, anakwenda zake kunywa chai."

Oliva akasimama na boksi lake kifuani. Alipoinua uso, Hhando alikuwa mbele yake, na lile dume la kahawia kwenye kamba.

"Oliva? Umekuja?"

"Nimeleta penseli zako."

"Sizichukui."

"Kasoro kumi na nane, Hhando. Mazuri hakuna?"

"Mazuri nilidhani unayajua. Nisingeyaona, ningekuandikia 'safi sana' nikaenda zangu."

"Mimi si ng'ombe! Wala nguva wangu si ng'ombe. Mtu akikufungulia daftari lake, zuri unalisema kwa mdomo. Hulifichi."

Hhando akatazama chini, akachora vumbi kwa fimbo.

"Hapo nimekosea. Nimezoea ya huku."

"Basi sema."

"Hapahapa? Watu wote hawa?"

"Kwato za watu si umezisema hapahapa?"

Hhando akarudisha fimbo kwapani.

"Ukurasa wa tisa. Bibi nguva anamsuka mjukuu wake, asubuhi anayoondoka kwenda nchi kavu. Hakuna neno hata moja. Pale peke yake umethubutu kuchora mikono. Vidole ni sita, lakini vinasuka. Nilikuwa malishoni, nikasimama kuutazama. Kuinua kichwa, ng'ombe wangu wote wako kwenye mahindi ya mwalimu, mstari wa kumi. Nimefokewa mpaka jua limechoka. Jioni nikaufungua tena."

Oliva akasogea hatua moja karibu.

"Mama yangu hajui kusoma. Nikamwonyesha. Akasema, 'Huyu bibi anaumia, lakini hataki mtoto ajue.' Umeona? Hakusomewa. Na wale nguva wako wanaogombania mpaka wa shamba, ule ndio ugomvi wenyewe, nasikia mpaka sauti za majirani zetu. Ndiyo maana ule moshi uliniuma. Kitu kizuri hivyo, halafu moshi!"

Oliva akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono. Kisha akalibana boksi kwapani na kuanza kutembea polepole kumzunguka Hhando.

"Unafanya nini?"

"Simama wima. Sikio hili halisikii mtu akilia kwenye simu. Shati limefungwa kifungo kisicho chake. Ndevu zimeota upande mmoja, mwingine umesahaulika."

Watu wakaanza kusogea. Mzee Sulle akaacha dume lake.

"Oliva, watu wanatuangalia..."

"Sijamaliza! Mdomo unatoa kumi na nane kwa pumzi moja, zuri mpaka uvutwe kwa kamba. Na visigino hivi, Mungu wangu, mtu anaweza kupanda vitunguu humu!"

"Mzungushe tena, binti!" Mzee Sulle alipiga kelele. "Huyo ana kasoro ya mgongoni!"

Hapo ndipo Hhando alipoelewa. Tabasamu likaanza kona ya mdomo, likasambaa mpaka fimbo ikamdondoka.

"Dada," mwenye dume la kahawia akauliza, "unanunua au unaangalia?"

"Niacheni nipige simu," Oliva alisema, na sauti ilimgeuka ghafla ikawa ya woga. Akabonyeza namba ya nyumbani.

"Shikamoo baba. Wale wazee wa Balangdalalu, ulishawapigia?"

"Kuwapigia nini?"

"Kwamba wasije."

"Aa. Mimi nilisema nimesikia. Sikusema nitapiga."

Oliva akamtazama Hhando, aliyekuwa ameshikilia pumzi pamoja na kamba.

"Basi waje, baba."

"Nasikia ng'ombe wanalia hapo ulipo," Mzee Akonaay alisema. "Mwambie huyo aliyesimama karibu yako, mama yako ameshaazima masufuria tangu juzi. Waje na njaa."