Mtu wa Pili Kwenye Simu

"Mama, mtoto wako ana shingo ndefu sana!"

Maneno hayo yalimtoka Koplo Tumusiime kabla hajayapima. Ilikuwa asubuhi ya mwaka 2011, katikati ya soko la Mbarara, watu wamebanana baina ya mikungu ya matoke na vibanda vya redio. Mbele yake alisimama dada mrefu aliyefunga gita mgongoni kwa kitenge cha kijani, kama mama anavyombeba mwanawe, shingo ya gita ikichungulia juu ya bega.

Dada aligeuka, akamkagua kuanzia buti hadi kofia.

"Anafanana baba yake," alijibu. "Naye alikuwa murefu, na mudomo mingi kama wewe."

Wachuuzi waliangua kicheko. Tumusiime naye alicheka, masikio yakimwaka moto. Dada huyo alitaka nyuzi za gita, ila mwenye kibanda alijua Kinyankore tu, kwa hiyo koplo akajifanya mkalimani. Yeye mwenyewe, fundi wa redio katika kambi ya jeshi, alikuwa amekuja kununua betri. Aliondoka bila betri.

"Nyabo, wewe unaitwa nani?"

"Marthe. Niko mu-Kongo, ya Uvira. Naikala na baba mu kambi ya bakimbizi ya Nakivale, fasi ya Misiera."

"Misiera iko mbali sana?"

"Kwa mutu anapenda kufika, haiko mbali."

Akafika. Kila Jumamosi alipopata ruhusa alipanda bodaboda, akateremka Misiera suruali imejaa vumbi jekundu, akaketi benchi la nyuma kanisani kusikiliza kwaya ikifanya mazoezi. Marthe alipiga gita huku macho ameyafumba nusu, na Tumusiime alihisi kama anaibiwa kitu kifuani, wala hakutaka kurudishiwa.

Jambo moja tu lilimkera: Gasore, mpiga ngoma wa kwaya. Kijana wa mabega mapana, shati jeupe lisilofungwa vifungo viwili vya juu, anayecheka hata pasipo la kuchekesha. Kila wimbo ulipotaka kugeuka, yeye na Marthe walitazamana.

"Kwa nini huyo anakuangalia hivyo?" Tumusiime aliuliza siku moja wakitembea kuelekea barabarani.

"Asiponiangalia, atajuaje wakati ya kubadilisha?"

"Aangalie ngoma yake."

"Sheri, mupenzi wangu! Unakuwa na wivu juu ya ngoma?"

"Mimi naona wivu juu ya macho."

Marthe alimpiga kofi jepesi begani, akacheka, na yakaishia hapo. Au ndivyo alivyodhani yeye. Tumusiime aliyabeba yale macho hadi kambini, akalala nayo.

Mwaka uliofuata kikosi chake kilipelekwa Mogadishu. Kila Alhamisi mchana, jua likichemsha mabati, Tumusiime aliegemea magunia ya mchanga na kumpigia Marthe simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula sombe. Na wewe?"

"Mimi nimekula joto. Nipigie gita kidogo."

Marthe aliweka simu juu ya kiti, akapiga. Nyuzi zilivuka nchi mbili zikamfikia nyembamba, zenye mikwaruzo, na zilimtosha mpaka Alhamisi nyingine.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya Februari. Chini ya gita alisikia kitu kingine. Kata-kata, kata. Kata-kata, kata. Mpigo imara wa mtu anayejiamini.

"Marthe, wewe uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Nasikia mtu anapiga ngoma."

"Haiko mutu, sheri. Ni kisanduku. Nakikanyaga na muguu, kinakatakata sauti ya gita."

"Kisanduku?"

"Ndiyo. Ngoja nikufasirie..."

"Mimi ni mtu wa redio, Marthe! Masikio yangu ndiyo kazi yangu. Salimia Gasore."

Akakata. Akaitoa laini, akaikunja hadi ikavunjika, akaitupa jaani.

Miezi minne hakupiga. Wenzake walipokuwa wakisoma jumbe za wake zao kwa sauti na kutaniana, yeye alifungua redio na kuzifunga. Alilijua shati la Gasore kuliko alivyolijua la kwake. Alimwona akiketi chumbani kwa Marthe saa ile ya Alhamisi, saa yake yeye, akijibana asicheke karibu na simu. Akifuta vumbi kwenye mitambo, kidole kilianza chenyewe: kata-kata, kata. Alikichukia kidole.

Juni walirudi. Familia za askari zilijaa langoni mwa kambi ya Mbarara, wanawake wamevaa magauni ya sikukuu. Tumusiime alipenya katikati yao na kombati yake ya safari, akachukua bodaboda moja kwa moja hadi Misiera. Alitaka kuwakuta Marthe na Gasore pamoja.

Alilisikia kabla hajashuka. Gita, na chini yake ule mpigo. Damu ilimpanda kichwani. Akasukuma mlango wa kanisa kwa bega.

Wanawake wa kwaya waligeuka. Ngoma ilikuwa imewekwa pembeni, imefunikwa kitambaa. Pale mbele, peke yake, Marthe alisimama na gita, mguu mmoja juu ya kisanduku cha chuma kisichozidi ukubwa wa kipande cha sabuni, waya ukikiunganisha na gita na spika.

Marthe alimtazama kama mtu anayesoma barua asiyoiamini. Alikuja polepole, akamshika shavu, akalishika la pili. Halafu akatoka nje mbio, akilia.

"Tulijua umekufa," alisema Constance, kiongozi wa kwaya, mama mwenye sauti nzito. "Gasore alienda Canada na bantu ba kwabo tangu mwezi wa kwanza. Hatuna mupiga ngoma. Mufanyakazi moja wa shirika ya misaada aliacha ile kisanduku, hakuna aliyejua ni ya nini. Marthe ndiye alikijua. Anakiweka pole, bamama bazee banatembea nacho kupeleka sadaka. Anakiweka ya katikati, tunajifunza kuingia pamoja. Anakikaza, vijana banacheza. Akipiga moja, kinakata mingi. Na wewe, miezi ine yote ulikuwa wapi?"

Alitoka kumtafuta. Alimkuta Marthe nyuma ya kanisa.

"Nilienda ku mulango ya kambi yenu mara tatu," alisema bila kumtazama. "Bibi za basoda balinipa kiti, balinipa chai, tukaomba pamoja, lakini hakuna mutu alijua habari yako. Nilikulilia kama mufu, Tumusiime. Kumbe uko muzima, unanuna!"

"Nilisikia mwanamume."

"Nilikuambia kweli. Ulisikia masikio yako, mimi hukunisikia."

"Nisamehe, mpenzi."

"Ingia ndani."

Akampeleka hadi kwenye kisanduku. "Kanyaga."

Tumusiime alikanyaga kwa buti la jeshi. Marthe akapiga mara moja tu, akaondoa mikono. Sauti ikakatika vipande: kata-kata, kata. Huyo ndiye mwanamume aliyemchukia miezi minne. Kwaya ilicheka, yeye hakuweza.

"Kusamehe, nitaona," Marthe alisema. "Kuya Jumamosi."

Akaja. Jumamosi saba alikaa benchi la nyuma, akibeba spika, akisikiliza. Agosti kwaya iliitwa kwenye harusi huko Kamukuzi, kwenye nyumba ya kilimani yenye bustani na mahema meupe. Marthe alivaa gauni la kitenge cha njano, nywele kazibana juu. Alipokaza kisanduku wageni wote waliinuka kucheza, na kijana mmoja mwenye suti ya buluu alimsogelea, akamwinamia sikioni akimsifu kwa muda mrefu mno.

Tumusiime aliwaona. Miguu yake ilitaka kuondoka. Alibaki. Walipokuwa wakikunja nyaya, Marthe aliutazama uso wake.

"Uko na wivu?"

Alivuta pumzi. "Ndiyo."

"Mingi?"

"Mingi. Nilitaka kupanda boda niende zangu."

"Na hukuenda."

"Sikuenda. Marthe, huu wivu mimi sijui kama utaisha."

"Sikuomba uishe. Naomba uniambie, kama vile umeniambia sasa. Usizime simu tena."

"Basi nakuambia na lingine. Nataka kukuoa."

Marthe alizungusha waya wa mwisho mkononi, akaufunga, akakitia kisanduku mfukoni mwa gauni. Akamsogezea spika kwa mguu.

"Beba hii," alisema. "Kesho baba yangu anatoka kanisani saa sita, umuombe yeye. Tusimucheleweshe."