Elektroni Iliyobaki Katikati

Duka la vifaa vya shule na ofisi halina adabu Jumamosi asubuhi. Foleni mbili zilikuwa zikimgombania mhudumu mmoja, na mbele kabisa alisimama mwanamke wa gauni la kijani, vumbi la chaki kwenye kiwiko, akitaka karatasi kubwa kuliko zilizopo.

"Hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, dada."

"Niunganishe mbili kwa gundi? Mkaguzi atanicheka."

"Atakucheka kweli," sauti ilidakia nyuma yake. "Mambo makubwa yanachorwa kwenye plaiwudi. Kaka yako nipo."

Mwalimu aligeuka. "Sina kaka mwenye suruali ya rangi saba."

Mwenye sauti alikuwa mchora vibao vya maduka, na suruali yake ilieleza kazi yake yote ya mwaka ule. Mwalimu alikuwa na haraka, akamweleza palepale. Alifundisha kemia, bado yuko kwenye majaribio. Ijumaa mkaguzi angekuja. Akiridhika, mwalimu anathibitishwa kazini. Asiporidhika, anarudi kulala kwenye kochi la dada yake.

"Sasa nichore nini?"

"Sodiamu na klorini. Sodiamu ni metali, ganda lake la nje lina elektroni moja tu. Klorini si metali, ina saba, inatafuta ya nane. Sodiamu inatoa, klorini inapokea. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anakuwa na chaji hasi, ndipo zinavutana na kushikamana. Unapata chumvi."

"Hii hii ya jikoni?"

"Hiyo hiyo."

"Kumbe kila siku tunakula mapenzi!"

Mwalimu alicheka, ingawa hakupanga kucheka.

Wiki ile simu ililia kila jioni kwa maswali ambayo ujumbe mfupi ungetosha.

"Laazizi, elektroni niipake rangi gani?"

"Nani laazizi wako?"

"Klorini."

"Paka nyekundu, halafu uniache nisahihishe madaftari."

Jumatano mwalimu alikwenda kukagua kazi, amepaka rangi ya mdomo. Tuseme ukweli, plaiwudi haikuhitaji rangi ya mdomo. Isitoshe, bango lilikuwa limefunikwa shuka na mchoraji akakataa katakata kulifunua. Juu ya mlango wake palikuwa na kibao alichokichora mwenyewe: KAZI IKIKAUKA HAIRUDIWI. Mwalimu alikisoma, akatabasamu, akaenda zake.

Ijumaa mwalimu alilifunua mbele ya darasa zima. Elektroni nyekundu ilikaa katikati kabisa ya sodiamu na klorini.

Mkaguzi, mama mmoja wa suti ya kijivu, alisogeza miwani. "Mwalimu, hapa zinagawana? Hii ni chumvi kweli?"

Wanafunzi waliangua kicheko. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, akasema angerudi baada ya wiki mbili.

"Umenimaliza!" Mwalimu alikuwa akipiga simu akiwa bado koridoni.

"Nini tena, kipenzi?"

"Elektroni umeiweka katikati!"

"Ikiwa upande mmoja picha inaelemea. Halafu mimi naona mapenzi ni nusu kwa nusu—"

"Nani amekuuliza mapenzi? Irekebishe!"

"Kibao ulikisoma. Kazi yangu ikikauka..."

Simu ilikatwa. Siku tisa zikapita, kila mmoja akimngoja mwenzake apige. Walikuwa watu wazima wote wawili, na wote wawili waliumia kama watoto.

Siku ya kumi mchoraji aliazima kitabu cha kemia, akakisoma wakati wa chakula cha mchana. Alifika mahali ambapo sodiamu imeshatoa elektroni yake, akapasoma mara tatu. Chakula kikapoa.

Siku mkaguzi aliporudi, mtu alibisha hodi darasani. Shati jeupe lililopigwa pasi, mkononi kopo la rangi.

"Samahani, mwalimu. Nilikosea kazi yako. Naomba niirudie."

Mwalimu angeweza kumfukuza, na kwa dakika nzima alitaka kumfukuza. Kisha akamsogezea kiti cha kupandia. "Paka, huku unawaeleza."

Mchoraji alifuta ile ya katikati, akaichora upya upande wa klorini, akaongeza alama ya kujumlisha huku na ya kutoa kule.

"Na sodiamu imebaki na nini?" mkaguzi aliuliza.

"Imebaki na nane zake za ndani, mama. Zilikuwepo siku zote. Hiyo moja ya nje ndiyo ilikuwa inaisumbua."

"Mbona haiendi zake?"

"Ikishatoa, haiendi mbali. Inavutwa."

Alisema hayo akitazama plaiwudi. Mwalimu alitazama masikio yake, yaliyokuwa yamewiva kwa aibu, na hasira yote ikamwishia.

Wiki iliyofuata alifika kwa mchoraji na bahasha. "Nimethibitishwa."

"Hongera sana, mwalimu."

"Mkaguzi aliniuliza nimemtoa wapi fundi anayekiri kosa mbele ya watoto. Nikamwambia ni mchumba wangu."

Brashi ilisimama. "Mchumba? Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa saa nne. Nimeshasema mbele ya mkaguzi, na maneno yangu yameshakauka."

Mchoraji aliinua macho juu ya mlango, akakisoma kibao chake mwenyewe polepole, herufi kwa herufi.

"Basi hairudiwi," akasema.