Kengele ya Kibuyu

Kila akitoka shule, Kabula alipitia kwanza uani alikokaa bibi yake, Nyanjige, akichambua pamba. Alimgusa bega ndipo amsalimie, maana bibi hasikii vizuri.

Wiki hiyo shangazi Benedikta alitoka Mwamanyili na dagaa zake, akapiga hodi mpaka akachoka, akarudi stendi. Baba mdogo Mboje alipopata habari alikasirika, akatuma ujumbe.

"Jumamosi nakuja kumchukua mama, akakae kwangu Bukundi. Hapa mchana mnamwacha peke yake, hata mgeni hamsikii!"

Kabula alikosa hamu ya kula. Bila bibi, nyumba itakuwaje?

Miaka hiyo maduka ya Bariadi yalijaa redio kaseti mpya, na za zamani zilitupwa kwa fundi Januarius. Kabula alimwomba transista, waya na kaspika kadogo, akatengeneza kengele ya mlangoni. Akabonyeza.

"Hiyo kengele au mbu mwenye mafua?" Mayala, kaka yake, alimcheka.

Kabula akachomoa betri nne za redio ya baba, akaziunga na mbili zake. Kengele ikapiga kelele mara moja, ikatoa moshi, ikanyamaza.

"Imekufa yenyewe," alimwambia fundi, macho chini.

Januarius akainusa. "Yenyewe? Mjukuu wangu, ukinificha nitabadilisha kizima, niache kibovu."

Machozi yakamtoka. "Niliongeza betri. Za baba. Sikumwomba."

"Haya, sasa tunatengeneza." Akabadilisha transista. "Shida si nguvu. Spika ikikaa wazi, sauti ya nyuma inaimeza ya mbele. Itafutie nyumba."

Kabula alirudisha betri na kumweleza baba yote.

"Kumbe! Na mimi naipiga redio makofi bure!" alisema baba.

Bibi akatoa kibuyu chake cha kusukia maziwa, kilichovunjika shingo. Kabula akakitoboa, akabana spika kwenye tundu, akakitundika uani, kitufe akakiweka mlangoni.

Jumamosi asubuhi, Mboje akabonyeza. Kibuyu kikanguruma, kuku wakatawanyika.

"Nani huyo anataka kunitoa roho? Karibu!" bibi akaita.

Mboje akaingia akicheka, akamwamkia mama yake kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Kama umekuja kunichukua, kunywa maziwa, urudi zako."

Mboje alikunywa maziwa, akarudi peke yake.

Baba akamgeukia Kabula. "Kibuyu kimekuza sauti, mwanangu. Lakini kengele ilipona siku ile uliposema kweli. Ukiharibu kitu, sema mapema. Kikijulikana kilichoharibika, kinatengenezeka."

"Mnanong'ona nini?" bibi aliuliza.

Kabula akamgusa bega, akakaa karibu yake, akaanza kumsimulia kwa sauti.